Lori Lilikuwa Tupu

Mwanangu wa kike alisimamisha lori la kifusi kabla hajatimiza miaka miwili. Alisimama katikati ya barabara, miguu ameitanua, mkono mmoja juu, kiganja wazi, akasema, "Pare." Ni neno la Kireno, maana yake simama. Lori likasimama. Breki zilipiga ukelele, sehemu ya nyuma ikayumba kushoto, na vumbi lililokuwa likilifuata likalipita, likamfunika mtoto, nikawa simwoni. Vumbi lilipotua alikuwa pale pale, mkono bado juu, nyusi zimejaa udongo mwekundu. Kati ya kifua chake na bampa pangetosha kutandika mkeka mmoja.

Mimi ni fundi cherehani na baraza yangu inatazama barabara, kwa hiyo niliyaona yote na sikuwahi kuzuia lolote. Nilipomfikia nilikuwa bado nimeshika suruali ya mteja, sindano inaning'inia kwenye uzi. Nilimnyanyua. Hakulia wala hakushtuka. Alilitazama lori, akanitazama mimi, kisha akajaribu kushuka mikononi mwangu, kama mtu aliyekatizwa kazini.

Ili jambo hili lieleweke, lazima nianze na barabara yenyewe.

Kijiji chetu kiko kwenye barabara kuu inayotoka Mocímboa kwenda Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ukishaipita Mute kidogo. Mashariki kuna bahari, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Magharibi ni mashamba. Gesi iligunduliwa mbali baharini, mahali ambapo vyombo vya wavuvi wetu havifiki, na mpaka leo sijakutana na mwanakijiji aliyeiona. Tulichokiona ni magari. Kwanza yalikuja meupe, yenye nyaya ndefu za redio zinazochezacheza. Baadaye likaja greda, kisha malori ya kumwaga kifusi ili barabara ibebe mizigo mizito zaidi inayokuja.

Pamoja na magari yalikuja maneno. Kijiji kitahamishwa. Hakihamishwi. Kitahamishwa upande mmoja tu. Jirani yangu alivua bati za paa lake ili zisije zikaharibiwa, akakaa wiki nzima anatazama mbingu, akazirudisha. Mwingine aliacha kupanda mikorosho. Mama wa mtoto alipanda mihogo mpaka mlangoni, akasema mihogo haina haja ya kusikiliza habari. Watu walikaa kwenye viti vyao upandeupande, kama wanaosubiri kuitwa. Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kumaliza mshono mmoja bila kuinua kichwa.

Katika msimu huo ndipo mtoto wetu alipoachishwa ziwa. Kwetu, mtoto akishaacha ziwa huondoka mgongoni kwa mama na kuhamia mgongoni kwa msichana mkubwa kidogo. Hakuna anayemteua msichana huyo. Binti wa kaka yangu, wa miaka tisa hivi, alikuja asubuhi moja, akasimama mbele ya mke wangu akanyoosha mkono.

"Mama mdogo, nipe kapulana. Huyu sasa ni wangu."

"Utamwangusha."

"Nimewahi kumwangusha nani?"

Mke wangu akafikiri, akampa kapulana, kitambaa cha kumfungia mtoto mgongoni. Tangu siku ile mtoto alirudi nyumbani kula, kuogeshwa na kulala. Saa zake nyingine zote zilikuwa mali ya kundi la watoto.

Maneno yake pia. Mimi na mama yake tulijaribu kumfundisha kwa kumwonyesha vitu: maji, kuku, kijiko. Alituangalia midomo kwa adabu, kisha akageuka. Ya watoto aliyachukua bila kufundishwa. Neno la kwanza tulilolitambua lilikuwa "Toka!", alilomwambia kuku. La pili lilikuwa "Changu!" La tatu alilitoa chuoni, ambako wenzake walikwenda kusoma Kurani na yeye akaenda mgongoni. Wakimaliza dua wote husema "Amin", na yeye, baada ya wote kunyamaza na mwalimu kuanza jambo jingine, husema peke yake, "Amin."

Kwa kuwa mikono ya fundi huijua kazi na macho hubaki huru, nilimfuatilia. Niliona kwamba kabla ya neno huja mwili. Kijana mkubwa wa kundi alichomwa na mwiba akawa anachechemea. Mtoto wetu naye akachechemea. Kijana akapona. Mtoto wetu akaendelea kuchechemea mpaka bibi yake akampeleka kwenye kivuli kumkagua nyayo, asipate kitu.

Greda lilipofika kijijini, barabara ilibakia upande mmoja wa kupita, na kijana mmoja kutoka Palma akawekwa pale na kibao chenye mpini. Upande mmoja kibao kilikuwa chekundu, kimeandikwa Pare. Upande wa pili kilikuwa cha kijani, kimeandikwa Siga, yaani endelea. Alivaa fulana inayong'aa na kofia ngumu. Magari makubwa ya watu wakubwa yalimtii. Watoto walimtazama siku ya kwanza kutwa nzima, wamekaa kwenye tuta la mchanga bila kucheza. Siku ya pili wakaanza kumwiga.

Mfuniko wa ndoo ukafungwa kwenye fimbo. Bakuli za plastiki zikawa kofia, na akina mama wakawa wanatafuta bakuli wakati wa kupakua. Niliwasikia kila siku, hatua chache kutoka barazani kwangu, nyuma ya tuta, wakigombea ushefe, yaani ukubwa wa kazi.

"Leo mimi ndiye shefe."

"Shefe gani hana kalamu?"

"Ninayo, imo mfukoni."

"Mfuko uko wapi? Umevaa kapulana ya mama yako!"

"Basi nyamaza, nakufukuza kazi."

Mtoto wetu alipewa nafasi ya mbuzi. Binti wa kaka yangu alimweleza kazi yake kwa makini: "Wewe mbuzi. Unavuka. Gari linapiga honi. Unakimbia. Umesikia?" Mbuzi alivuka, gari lilipiga honi kwa mdomo, na mbuzi akasimama palepale akilitazama. Wakarudia. Akasimama tena.

"Mbuzi huyu hajui kazi," alisema yule kijana mkubwa.

Siku moja mtoto aliyeshika kibao chao alikwenda kunywa maji. Mbuzi akaokota mfuniko, akauinua kwa mikono miwili na kusema, safi kabisa, kuliko neno lolote alilowahi kulisema nyumbani, "Pare."

"Mbuzi amesema! Jamani, mbuzi amesema!"

Walianguka chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo kibao kilikuwa chake.

Sasa yakaja mambo ambayo nataka niyaandike wazi, kwa sababu yalifanywa na kijiji kizima na hakuna aliyeyaona kuwa ni kitu. Tulimtii. Wanawake waliotoka kisimani na ndoo kichwani walimkuta njiani, mkono juu, wakasimama.

"Shefe, tupishe, maji yananimwagikia."

"Pare."

"Haya, tumesimama. Shingo yangu, jamani!"

Siga hakuijua. Ilibidi wasubiri mpaka binti wa kaka yangu aje augeuze mfuniko. Muuza mkaa aliweka mguu chini na kuizuia baiskeli na magunia yake. Mwalimu wa chuo, akiwa njiani kwenda kusalisha, alisimama, akakunja mikono, akasema, "Bibi mdogo, ukinichelewesha utajibu wewe." Mama yangu mzazi, ambaye kwa desturi ya utani humwita mjukuu huyu mke mwenzangu, alikuwa akisimama hata bila kuambiwa. "Mke mwenzangu ameshika barabara," alisema, "mume wetu atapita wapi?" Mimi nilisimama. Mama yake alisimama, na ugali unapoa. Mtoto aliinua mkono mbele ya watu wengi kwa muda mrefu, na sikumbuki hata mmoja aliyempita.

Kwa hiyo siku kijana wa kibao alipokwenda upande wa pili wa greda, na kundi la watoto likawa limeshughulika na ugomvi wao juu ya nani ni shefe, mtoto wetu alitoka nyuma ya tuta, akaingia barabarani, akafanya alichokuwa akikifanya kila siku.

Dereva alikuwa mtu wa upande wa Nampula. Kiswahili chake kilichanganyika na Kireno. Alishuka polepole, ameshika mlango.

"Mtoto wa nani?"

Watu walikuwa wameshakusanyika, wakanitazama.

"Wangu," nilisema.

Alikuja akaketi kwenye benchi la wateja wangu, akaomba maji. Mama yangu akamletea. Nusu aliyanywa, nusu yalimwagika magotini.

"Pole, baba," mama yangu alimwambia. "Umefanya vizuri. Umesimama."

"Mama, nimesimama kwa sababu niko tupu. Ndiyo kwanza naenda kupakia." Akalionyesha lori kwa kidevu. "Lile likiwa limejaa, nikakanyaga breki hapa kwa fundi, litasimama kule."

Alinyoosha kidole kuelekea msikitini. Sote tuligeuka kuutazama msikiti, na kila mtu akapima kwa macho yake. Mama yangu alikaa chini.

Kabla ya kuondoka, dereva alimgusa mtoto kichwani, akapanda kwenye lori, akatoa pakiti ya biskuti na kumpa. Nilitamani asimpe, lakini mtu aliyeshtuka vile huwezi kumwambia arudishe wema wake. Watoto wote waliiona ile pakiti. Alasiri alirudi amepakia. Alishika honi tangu mwanzo wa kijiji mpaka mwisho, bila kuiachia, na chini ya baraza yangu ardhi ilitikisika hata mkasi ukasogea mezani.

Siku hiyo hiyo nilipita nyumba kwa nyumba. Niliomba jambo moja: mtoto wangu akisema pare, mpiteni. Msisimame, msicheke, msimwangalie. Wengi walikubali haraka, walikuwa wameona. Mama yangu alikataa.

"Nimpite mke mwenzangu kama jiwe?"

"Ndiyo, mama."

"Ataniona vipi?"

"Afadhali akuone vibaya, lakini akuone."

Akasema nisimsemeshe tena kwa siku ile.

Asubuhi iliyofuata niliketi kwenye cherehani bila kushona. Jirani, mwanamke ambaye ndiye aliyekuwa akicheza naye zaidi, alitoka kisimani na ndoo. Mtoto akamwendea, mkono juu.

"Pare."

Jirani akapita, macho mbele, midomo ameibana.

"Pare. Pare!"

Mtoto alimkimbilia, akashika kapulana yake kwa nyuma. Jirani aliendelea kutembea, akimkokota polepole, mpaka vidole vilipoachia. Aliniambia baadaye kwamba amezika watu na amelima miaka ya njaa, lakini nisimwombe tena kazi ya namna ile. Baada yake akapita muuza mkaa. Baada yake mwalimu. Mimi nilipita mwisho, na mtoto aliniangalia kana kwamba ananifananisha tu na mtu anayemjua.

Haikuchukua siku nyingi akaacha kuinua mkono. Hilo ndilo nililolitaka. Lakini aliacha na mengine. "Toka" ilipotea. "Changu" ilipotea, mtoto mwenzake alimnyang'anya kifuu cha nazi na yeye akakitazama tu kikiondoka. Chuoni wakasema Amin, na mwalimu akanyamaza makusudi kumsubiri, mtoto hakusema. Alipotaka kitu alionyesha kwa kidole.

Binti wa kaka yangu alikuja barazani amembeba.

"Baba mdogo, huyu amezima."

Jioni mke wangu aliniambia bila kuzunguka.

"Umemfundisha kwamba akisema hakuna anayemsikia."

"Nimemfundisha asife."

"Na hilo nalo ni la kufundisha kwa kunyamaziwa?"

"Ungefanyaje wewe?"

"Ningemwondoa barabarani, nisiliondoe neno kinywani mwake." Alikuwa anamenya muhogo na hakuacha kumenya. "Mpunga ukishavunwa, kama bado simwamini na barabara hii, namchukua nakwenda naye kwetu Pundanhar. Kule gari likija watu wanatoka nje kulitazama. Hata pikipiki inafika imechoka."

"Na mimi?"

"Wewe una cherehani."

Najua njia ya Pundanhar. Mvua zikianza haipitiki, na zikiisha inapitika kwa anayeweza kupoteza siku nzima. Fundi akiondoka barazani, wateja huhamia kwa mwenzake. Nilijua ningemwona mtoto mara mojamoja, labda wakati wa Idi, na kwamba kila nikifika angekuwa na maneno mapya ambayo sikuwepo alipoyapata. Lakini malori yalikuwa yanapita wakati tunazungumza na sote wawili tulikuwa tunanyamaza ili yapite.

Greda lilimaliza kipande chetu na kusogea mbele. Kijana wa kibao akaondoka nalo. Barabara ikawa laini na magari yakaongeza mwendo. Watoto waliitupa ile michezo ya barabara kwa siku moja, kama wanavyotupa kila kitu, kwa sababu palikuja watu wengine, wa kupima ardhi, wakitembea mashambani na kamba na vijiti vyenye utepe. Mfuniko ulirudi kwenye ndoo. Sasa kundi zima lilikuwa nyuma ya nyumba, linapima.

"Vuta! Vuta wewe!"

"Imefika?"

"Bado!"

"Nyumba yenu ndogo, tunaiondoa."

"Ondoa yenu kwanza!"

Mtoto wetu alipewa kushika ncha ya kamba. Alishika kwa mikono miwili, kimya, siku kadhaa. Halafu mchana mmoja aliulizwa imefika, akajibu, "Bado."

Kwa muda hilo likawa jibu lake kwa kila kitu. Njoo ule. Bado. Twende ukaoge. Bado. Umelala? Bado. Mama yake alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya lori, mpaka akafuta macho kwa ncha ya kapulana. Maneno mengine yakafuata, mengi kwa wakati mmoja, mengine ya Kireno na mengine ya Kimakonde aliyoyapata kwa watoto waliohamia kutoka bara. Chuoni Amin ilirudi, bado imechelewa. Nilimwangalia alipokaribia barabara na binti wa kaka yangu: alishika mkono wa dada yake, akasubiri, akavuka. Hakuinua kiganja.

"Ona," nilimwambia mke wangu. "Ameacha."

"Ameacha, au hajapata wa kumsimamisha?"

"Kila mtu anampita. Mwezi mzima sasa."

Alinitazama, akasema, "Tutaona." Lakini hakuitaja Pundanhar siku ile, wala iliyofuata, na mimi nikaanza kushona nguo za Idi za mtoto nikijua nitamvalisha mwenyewe hapa nyumbani.

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa naoga. Bafu letu ni ua wa makuti nyuma ya nyumba, na kwa upande wa nje inapita njia ya miguu iendayo kisimani na mashambani. Nilikuwa na sabuni usoni. Nikasikia hatua za mtu mzima zinakuja njiani, nzito, za mtu aliyebeba kitu. Kisha nikasikia sauti ya mwanangu, ndogo, ya siri, karibu sana na makuti.

"Pare."

Hatua zikasimama.

Hapakuwa na neno. Hapakuwa na kicheko. Mtu yule alisimama kimya, nami nilisimama kimya, maji yananidondoka, nikingoja ampite. Hakupita. Muda ulikuwa mrefu kiasi kwamba povu lilianza kunichoma macho. Kisha hatua zikaendelea bila haraka, na nyuma yake nikasikia mtoto akicheka kwa kinywa kilichofumbwa.

Nilipojifunga nguo na kutoka, njia ilikuwa tupu upande huu na upande ule. Mtoto alikuwa amechuchumaa kando ya ua, anachora chini kwa kijiti. Nilimuuliza ni nani aliyepita. Akasema, "Bado."

Nilimuuliza binti wa kaka yangu. Alikuwa ametumwa chumvi dukani, akaniapia. Nilimuuliza mama yangu. "Mimi? Kwa magoti haya, nikisimama njiani nani ataniondoa?" Nilimuuliza jirani, akakasirika kwamba nimemdhania. Wanawake wa kisimani waliangaliana wakacheka, na kicheko chao hakikuniambia kitu. Mwalimu wa chuo alisema mimi ndiye niliyewaomba wampite, na watu wazima hawavunji ahadi kwa ajili ya mchezo.

Mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Jana mke wangu aliwauliza wapita njia ni nani mwenye pikipiki inayokwenda Pundanhar, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya dagaa. Sijamwambia nilichokisikia bafuni. Malori bado yanapita, na siku hizi yote yanayokwenda kaskazini yamejaa.